Beberu Mliyenipa Namrudisha

Kuze, Mombasa
Ijumaa, 29 Septemba 1995

Kwa ndugu yangu Dzoro, Golini,

Pokea salamu kwanza, nyingi kuliko nazi za huko kwenu, na uzigawe nyumba nzima: mama apate za mwanzo, wewe upate zitakazobaki. Niarifu kama mgongo wa mama umepoa au bado anainuka kwa kushika ukuta. Niarifu pia kama wewe unakula, maana ulipoondoka hapa mashavu yako yalikuwa yameingia ndani, na hukuwa mzuri hata kabla ya hapo. Sisi huku tu wazima kwa uwezo wake Mola. Mamangu anakusalimu sana. Dadangu Mona ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Mimi sijambo. Sauti yangu bado ni ya kwanza pale Mwembe Tayari. Juzi nimelijaza basi la Nairobi kwa koo langu peke yangu, na wapiga debe wenzangu wamekaa kitako wananisikiliza kama watu waliokuja hutubani.

Usishangae kumwona Abrar mlangoni kwenu ameshika barua mkono mmoja na kamba ya beberu mkono wa pili. Abrar ni mtoto wa shangazi yangu, mtu wa sala na maneno machache. Mpe maji ya kunywa na usimwulize kitu, hajui. Beberu ni yuleyule mliyeniletea mwezi wa nane kwa ajili ya shukrani, na ndevu zake ni zilezile. Sikumchinja. Nitakueleza kwa nini anarudi, lakini niache nieleze kwa mpango wangu, maana nikianzia mwisho hutasoma mwanzo, na mwanzo ndio pekee unaonipendeza. Najua utacheka kwamba mtu aliyetoroka kidato cha pili kwa dirisha leo anajaza karatasi hivi. Cheka sasa, ndugu yangu, nafasi ni hii.

Habari ya kwanza ni ya shemeji yako Mejumaa. Jumamosi iliyopita eda yake imekwisha. Miezi minne na siku kumi amezitimiza ndani ya chumba kile cha chini cha nyumba yetu, hakutia wanja, hakuvaa la rangi, hakuvuka kizingiti ila ile siku moja ya kung'olewa jino. Jumapili wanawake wa Kuze walimjia na udi na maji ya mawaridi, wakamkogesha, wakamvika kanga mpya. Hakulia. Alipika mkate wa sinia mwenyewe, kisha akauliza Sami yuko wapi. Nikaitwa, nikaingia katikati ya wanawake nikiinamisha kichwa kama bwana harusi. Akanikatia kipande cha kwanza kwa mkono wake. Akasema mbele yao wote kwamba mji huu una wanaume tele wenye ndevu, lakini aliyefungua kinywa mbele ya hakimu kwa ajili ya mumewe ni mmoja tu, na huyo hata ndevu hazijamwota. Wakapiga vigelegele. Mona akasema nisivimbe sana, mlango ni mwembamba. Nikala. Ulikuwa mtamu, wallahi, lakini sikuomba kipande cha pili.

Sasa haya yanayofuata wewe wayajua, lakini nayaandika kwa mpango kama anayemweleza mgeni, kwa sababu huenda watu wengine wakaisoma barua hii baada yako.

Alhamisi ya tarehe kumi na nane Mei, saa nne asubuhi, kakako Mwero alikuwa akisukuma mkokoteni wake wa madebe ya maji kupeleka hoteli za Mwembe Tayari, kama alivyofanya kila siku ya Mungu. Gari jeusi la serikali, lenye namba za GK na kibendera mbele, likatoka upande usio wake likipita magari yaliyosimama, likamgonga. Likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likamzunguka, likaenda zake. Madebe yalipasuka, na yale maji yakatiririka mpaka chini ya basi letu. Abiria waliokuwa wamekaa wakainua miguu. Kumbukumbu yangu ya siku ile ni hiyo zaidi ya damu, watu wakiinua miguu wasirowe.

Gari lilikuwa la Bwana Morgan, yule mkubwa ambaye ofisi yake siitaji, kwa sababu waijua na kwa sababu karatasi huanguka njiani. Yeye alisema alikuwa amekaa nyuma anasoma mafaili, na aliyeendesha ni dereva wake, Elvis. Elvis naye tangu wiki ile hakuonekana tena. Tuliambiwa amehamishiwa mpakani kaskazini, mahali ambapo hata barua hufika kwa ngamia. Kwa hivyo kesi nzima ikabaki kuning'inia kwenye jambo moja: nani alikuwa ameshika usukani. Na kama si yule wakili Loise, anayetembea kila siku kama mtu aliyechelewa, kupiga kelele magazetini, hata hiyo kesi isingefunguliwa.

Ikafunguliwa, tena kwa haraka. Hapo ndipo tulipotakiwa kushtuka. Jirani yetu Jamaldin alimshtaki mwizi wa baiskeli yake mwaka wa tisini na moja. Mwizi ameoa, amepata watoto wawili, na kesi bado inatajwa tu. Ya Mwero ilipangiwa siku kabla udongo wa kaburi haujakauka. Sisi tukafurahi, wajinga sisi, tukasema safari hii haki imevaa viatu. Loise peke yake hakufurahi. Alisema wakubwa hawa wamekaa na kalenda, wamehesabu siku za mjane, wanataka kesi isikizwe akiwa bado edani ili asiweze kuja kukaa pale mbele na kitambaa chake kichwani akamtazama hakimu usoni. Mtu asiye Muislamu ndiye aliyeligundua hilo, sisi wenye dini yetu tukiwa tunapongezana.

Kisha Jumamosi kabla ya kesi ukakamatwa wewe. Umetoka na gunia la kilo tisini mgongoni, uko mlangoni mwa ghala la Shimanzi ulilofanyia kazi miaka mitatu, na ukaambiwa wewe ni mzururaji. Nimeona wazururaji wengi maishani mwangu, nami ni mmoja wao mwenye cheo, lakini sijaona anayezurura na gunia. Wakakuweka ndani mpaka Jumanne jioni. Jumanne hiyohiyo, tarehe ishirini na tano Julai, kesi iliyoandikwa saa tatu ikasikizwa saa mbili, katika chumba kidogo cha nyuma kinachonuka rangi mbichi. Loise alipofika, mafaili yalikwisha kufungwa.

Jioni ile nilikungoja nje ya kituo na bahasha ya viazi karai, ukatoka huna mshipi wala kamba za viatu, na tukiwa tunatembea kurudi Kuze nikakueleza yaliyotokea. Nikukumbushe nilivyokueleza. Nilisema Naomi, yule muuza nyanya, alikula yamini kwa Biblia akasema wakati ule alikuwa ameinama anapanga nyanya. Naomi ambaye mtoto akichomoa nyanya moja nyuma yake yeye humwita kwa jina bila kugeuka. Nilisema muuza duka Awiti alisema alikuwa amegeukia rafuni kutafuta sabuni. Ametafuta sabuni hiyo muda wote ambao mtu amegongwa, amezungukwa na amekufa. Tukawacheka, unakumbuka, mpaka ukakohoa kiazi. Kisha nikakuambia kwamba mimi niliingia kizimbani nikasimama kama mlingoti, nikanyoosha kidole mpaka Bwana Morgan akafunika uso kwa gazeti, nikasema kwa sauti ya basi la Nairobi kwamba aliyeshika usukani ni huyu. Na kwamba hata hivyo kiongozi wa mashtaka aliinuka akasema anaiondoa kesi, maana alikuwa amekwisha kununuliwa. Wewe ukasimama njiani ukanishika mabega. Ukaniita kaka, nami ni mdogo wako kwa miaka minne.

Hayo ndiyo niliyokueleza, na hayo ndiyo nimemweleza Mejumaa kutoka nje ya mlango wake, na mamangu, na Loise, na steji nzima. Ndiyo mkaniletea beberu.

Bwana Morgan, kama hamjasikia huko, amepandishwa cheo. Sasa yuko Nairobi, amepewa ofisi yenye zulia. Kabla ya kuondoka alituma hapa Kuze gunia la mchele na mfuko wa sukari, akasema ni sadaka kwa mjane, yeye ni mtu wa huruma na ajali haina kinga. Mejumaa alisema kutoka ndani kwamba mchele huo usivuke kizingiti. Ukakaa ukumbini wiki nzima, mpaka gunia likatobolewa, na aliyelitoboa ni beberu wenu. Amekula mchele wa Bwana Morgan mpaka tumbo likawa ngoma. Mona alinicheka akasema mgeni wako hana haya. Nikachukua ufagio nikafagia mchele uliomwagika.

Basi kaa chini, Dzoro. Kama umesimama, kaa, na mpe Abrar kamba aishike.

Wiki moja kabla ya kesi alikuja mtu pale steji, amevaa kaunda suti, ana sauti laini kama ya muuza manukato. Hakunitisha. Alininunulia kahawa, akanisifia koo langu, akauliza habari za mamangu kwa jina lake. Akasema nyumba za Kuze ni nzuri, za kale, ila karatasi nyingi za viwanja vyake hazijulikani zilipo, na watu wa ardhi siku hizi wanapenda kuuliza uliza. Akasema hana shaka za mamangu zipo. Unajua hazipo. Nyumba ile ilitoka kwa babu kwa mdomo, na babu alikwenda nao mdomo wake.

Ningeweza kukuambia ni hofu ya nyumba, tukaishia hapo, na wewe ungenisamehe, maana nawe umelala chini ya paa hilo miaka sita bila mamangu kukudai hata shukrani. Hofu ilikuwepo. Lakini si hiyo tu, na leo nimeazimia kutokata nyama nikakupa mfupa. Yule mtu aliniita Bwana Sami. Hakuna mtu aliyepata kuniita bwana, Dzoro, hata wewe ukinikopa shati. Akasema siku ya kesi sitakwenda kwa miguu kama mtu ovyo, nitachukuliwa na gari. Nami usiku sikulala kwa kujiona nimekaa ndani ya gari hilo, nikipita Mwembe Tayari taratibu, na wale waliozoea kunitukana wanachutama kuchungulia ni nani huyo.

Gari lilinichukua nyuma ya maghala, Shimanzi, asubuhi mapema, ambako hakukuwa na mtu ila malori. Lilikuwa lilelile. Pale mbele, upande wa kushoto, rangi ilikuwa mpya, nyeusi kuliko kwingine. Niliigusa kwa kidole. Halafu nikafungua mlango nikaingia. Vioo vilipandishwa, ni vyeusi, na hakuna hata mmoja aliyeniona. Tulipita Mwembe Tayari nikawaona wote, wauza mboga wanamwagia mboga zao maji, wenzangu wanaita abiria, na wao hawakuniona mimi. Nikashushwa kwenye mlango wa nyuma wa korti.

Sasa sikiliza ujanja wangu, maana nilijiona mwerevu kuliko makadhi. Wewe na mimi tumesomeshwa chuoni na Maalim Kamaludin, ingawa wewe ulihitimu na mimi nilihitimishwa kwa bakora. Alitufundisha kwamba Msahafu haushikwi bila udhu. Nikapiga hesabu yangu: nikiushika Msahafu sina udhu, basi sikuushika, na kiapo changu hakikunishika mimi. Ni maneno tu, kama yale ninayoyasema steji kwamba basi linaondoka sasa hivi na bado halijapata dereva. Alfajiri ile nilisali pamoja na mamangu, kisha nikautengua udhu makusudi, kwa njia ile ambayo wewe ulikuwa bingwa wake tulipokuwa tukilala chumba kimoja. Nilicheka peke yangu. Nikatoka nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na Mona, ambaye alinipigia pasi huku akinisomea dua.

Karani akaniuliza dini yangu, akanipa Msahafu umefungwa kitambaa cha kijani. Mikono yangu ilikuwa mikavu. Nikaapa. Kiongozi wa mashtaka akaniuliza kama nilimwona aliyeendesha. Nikasema gari nililiona, mtu sikumwona, vioo vilikuwa vyeusi. Hakimu akaniambia nipandishe sauti, hasikii. Nikasema tena. Akaniambia tena nipandishe sauti. Mimi, Dzoro. Ilibidi karani aje karibu anisikilize, kisha amrudie hakimu kama mkalimani. Kiongozi wa mashtaka akasema huyo ndiye shahidi wake wa mwisho, anaomba kuiondoa kesi, na hakimu akaandika. Haikufika nusu saa.

Na Bwana Morgan hakufunika uso kwa gazeti. Alikuwa akilisoma. Ukurasa wa mpira. Hakuinua macho nilipoingia wala nilipotoka. Sidhani kama alijua shahidi ni yupi kati yetu. Nilimuuza kakako kwa mtu ambaye hata hakunitazama. Nilipotoka kwa mlango wa nyuma gari halikuwepo. Nikarudi kwa miguu mpaka Kuze, nikamkuta Mejumaa nyuma ya mlango wake ananingoja. Akaniuliza, Sami, umesema? Nikasema nimesema. Naomi na Awiti walikwisha kuondoka korti kabla sijaitwa, hakuna wa kunikanusha; yaliyobaki yakajitunga yenyewe, na mimi nikayapamba, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Na wale Naomi na Awiti niliowacheka nawe kwa viazi karai, wao angalau waliogopa tu. Hawakupanda gari.

Nyumba ya mamangu haijaulizwa na mtu. Sijui kama ningesema kweli wangeuliza. Hilo nalo sitalijua tena.

Mwezi uliopita nilimwendea Maalim Kamaludin baada ya sala ya alasiri. Nikamwambia kuna mtu mmoja, simjui vizuri, ameapa uongo bila udhu. Je, kiapo kinamshika? Maalim akanitazama kwa ile miwani yake iliyofungwa uzi. Akasema kiapo hushikwa na ulimi na moyo, mikono haina kazi hapo. Akasema mtu huyo amedhulumu, na juu yake amekiendea kitabu cha Mungu kwa dharau, kwa hivyo alidhani anapunguza dhambi moja akaongeza ya pili. Nikamwuliza afanyeje. Akasema arudi palepale alipoliacha jambo, alimalize. Kisha akaniambia nimsalimie mtu huyo, na kwamba bakora yake bado ipo.

Nami nilikuwa sijarudi. Ningekaa hivyo mpaka nizeeke, nakuambia kweli, kwa sababu uongo wangu ulikuwa na raha zake: chai nikinywa steji silipi, na wazee wananipisha kwenye baraza. Lakini Jumapili, baada ya mkate ule, Mejumaa alisema jambo la kwanza atakalofanya sasa kwa kuwa yu huru ni kwenda kwa Loise. Loise amemwambia kesi iliondolewa, haikuamuliwa, na inaweza kurudishwa akipatikana shahidi wa kusema alichokiona. Maandishi ya kesi, ambayo korti ilikuwa ikisema hayajapigwa taipu, yamepatikana. Wanakwenda kuyachukua Jumatatu hii saa tatu. Mejumaa hajui kusoma, kwa hivyo amemwomba Mona amsomee, aketi naye amsomee neno kwa neno jinsi Sami alivyosema. Anataka kuyasikia, amesema, kwa sababu hakuwapo. Tangu Jumapili Mona ananiuliza niliyasemaje, ajifunze kuyasoma kwa sauti yangu.

Sitaki wewe uyasikie kutoka kwa karatasi ya korti. Na huyo Mejumaa nitamwambia mwenyewe kesho asubuhi, nikiwa nimekaa chini, si kutoka nje ya mlango. Nimeamua. Nimemwuliza Loise, kwa ujanja uleule wa mtu nisiyemjua vizuri, shahidi aliyeapa uongo akirudi kusema kweli atafanywa nini. Alisema anaweza kushtakiwa na kufungwa. Nikamwuliza, na huyo mkubwa? Akasema kwamba la mkubwa ni la kujaribu, la shahidi ni la hakika. Kwa hivyo pima mwenyewe, Dzoro: huenda katika kesi hii nzima ya kumwua kakako atakayelala ndani ni mimi peke yangu, na yule aliyeshika usukani akaongezewa zulia. Mashahidi wengine watatafutiwa sabuni zao za kutafuta, na hakimu kalamu yake. Sina tamaa kubwa. Lakini haya ninayoandika hapa chini ni yangu, na sitayapunguza.

Mimi, Sami wa Kuze, mpiga debe wa mabasi ya bara, Alhamisi tarehe kumi na nane Mei mwaka huu, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya ngazi ya basi, Mwembe Tayari, hatua kama kumi kutoka alipogongwa Mwero. Kioo cha mbele upande wa dereva kilikuwa kimeteremshwa mpaka chini. Aliyeshika usukani ni Bwana Morgan. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya dirisha, una saa ya dhahabu. Dereva Elvis alikuwa amekaa upande wa kushoto, na gari liliposimama alifungua mlango akatia mguu mmoja chini atoke, na Bwana Morgan akamwambia arudi ndani. Nilimsikia. Alisema achana naye, ni hamali. Mwero alikuwa bado anafumba na kufumbua macho. Elvis akarudi ndani, akafunga mlango.

Hilo neno sikukuambia hata nilipokuwa najifanya shujaa. Nilikuona huna mahali pa kuliweka. Lakini ushahidi haukatwi kipande.

Barua hii mpe Loise, au isome msikitini, au ichane, utakavyoona. Beberu namrudisha kwa sababu alikuwa wa mtu mwingine, yule niliyemtunga, na pia kwa sababu yeye na mimi tumekula sahani moja ya Bwana Morgan na mmoja wetu tu ndiye asiyejua alichokula. Hana kosa. Mchinjeni mumsomee Mwero, mimi msinitilie fungu.

Msalimie mama, umwombe anisamehe kabla hujamweleza, maana baadaye itakuwa vigumu. Wasalimie wadogo zako. Kama hutanijibu nitajua barua imefika, na kama utakuja mwenyewe na fimbo, nitakuwa kwenye ngazi za ofisi ya Loise Jumatatu saa tatu, na ukinikosa hapo niulizie kituo cha polisi. Safari hii nitapandisha sauti.

Nimeandika haya baada ya sala ya Ijumaa, na kabla sijashika kalamu nilirudi bombani nikatawadha upya. Karatasi hii nimeishika nina udhu.

Ni mimi, niliyekuwa nduguyo, na ukipenda niwe tena,
Sami